Ukuta Uliohesabiwa Kama Jiwe

Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 1967, saa kumi na dakika 21, ardhi ilitikisika katika bonde la mto Koyna, jimbo la Maharashtra nchini India. Nyumba nyingi za mji mdogo wa Koynanagar ziliwaporomokea wenyewe wakiwa usingizini. Watu wapatao 180 walikufa. Karibu na mji huo ulisimama ukuta wa zege wenye kimo cha mita 103 na urefu wa mita 853, na nyuma yake ziwa. Ukaguzi ulionyesha nyufa za mlalo pande zote mbili za ukuta, mita 60 na zaidi kutoka chini, pale mteremko wa mgongo wake unapobadilika ghafla.

Ukuta haukuanguka. Lakini ulikuwa umepasuka mahali ambapo hesabu ya wabunifu haikutazamia.

Maana tetemeko lilikuwa limehesabiwa. Utaratibu wa siku zile ulikuwa rahisi: chukua asilimia 5 ya uzito wa ukuta, kisha usukume ukuta kwa nguvu hiyo kutoka ubavuni, kama mtu anavyosukuma kabati. Kipimo kilichofungwa ndani ya bwawa siku ile kilisoma karibu nusu ya mvutano wa dunia, yaani mara 10 ya kile kilichotumika kwenye hesabu. Wengi wakisikia hivyo husema kosa lilikuwa namba ndogo. Mimi naona kosa kubwa zaidi lilikuwa kuuchukua ukuta kama jiwe moja lisilopinda, kila sehemu ikisukumwa sawasawa. Ukuta mrefu wa zege hunesa. Kileleni hunesa kuliko chini, kama mnazi wakati wa kusi, na maji ya ziwa hunesa nao yakiusukuma na kuuachia. Hesabu ya jiwe ilisema hatari iko miguuni, ndiyo maana mabwawa ya enzi hizo yaliweza kuwekewa zege hafifu zaidi sehemu za juu. Tetemeko likapiga juu.

Methali yetu ya ufa na ukuta inamhusu mtu aliyeuona ufa akaupuuza. Wahandisi wa Koyna hawakupuuza kitu. Hesabu yao haikuwa na mahali pa kuuonyesha ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Anil Chopra na Chakrabarti, wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, waliurudia ukuta huo kwa kompyuta, safari hii wakauacha unese. Mkazo wa kuvuta ukajitokeza mkubwa kupita uwezo wa zege, karibu na pale pale zilipopita nyufa.

Tungedhani somo liliishia hapo. Bado kuna mwamba ulio chini, na huko ndiko wanafunzi wengi wa leo wanakokosea. Kwenye kompyuta mwamba hukatwa kama kisanduku. Ukiupa uzito wake kisha ukazifunga kuta za kisanduku, mawimbi yanayotoka kwenye bwawa hugonga kuta hizo na kurudi kulitikisa tena, ilhali katika dunia halisi huenda zao yasirejee. Kukwepa hilo, wengi huufanya mwamba uwe na ugumu tu bila uzito. Lakini mwamba usio na uzito hauchukui mawimbi kuyapeleka mbali. Nishati hubaki ukutani na majibu huvimba. Akishaogopa majibu hayo, mtu huongeza kwa mkono kiwango cha kupoza mtikisiko mpaka namba zitulie. Hili silikubali hata kidogo. Makosa mawili yaliyofutana kwenye bwawa moja hayatafutana kwenye bwawa jingine.

Njia ya haki ina kazi zaidi: mwamba upewe uzito, kingo za kisanduku ziweze kumeza mawimbi, na mtikisiko uliopimwa juu ya ardhi ushushwe kwanza kwa hesabu hadi kina unakoingizwa. Ukiutia chini kama ulivyo, utafika ukutani umeongezeka.

Wala utulivu wa mahali si sababu ya kuliacha hesabu hili: eneo la Koyna nalo lilidhaniwa kuwa tulivu. Mitetemo ilianza kuhisiwa baada ya ziwa kujazwa. Kwetu Afrika, ziwa la Kariba kwenye mto Zambezi lilifuatiwa na matetemeko wakati linajaa, makubwa yake yakiwa ya Septemba 1963, karibu kipimo cha 6. Na leo mto Rufiji nao una bwawa lenye ukuta wa zege wenye kimo cha mita 131.

Ndugu mhandisi kijana, utakapoletewa picha yenye rangi nzuri za mkazo, usisaini kabla hujauliza mwamba umepewa uzito gani, na mawimbi yakifika ukingoni yanakwenda wapi. Koyna walilazimika kushusha maji, kuziba nyufa, kisha kuutegemeza ukuta kwa nguzo nene za zege mgongoni. Nguzo hizo zipo hadi leo.