Nafaka ya Aliyefungwa

Miongoni mwa maswali ambayo dini zimeyarudia mara nyingi bila kuyamaliza ni swali la akiba: ni wapi uangalifu wa mtu anayeiwazia kesho unapokoma, na ni wapi uroho wa mtu asiyemtegemea Mungu unapoanza. Kwa kawaida swali hilo huulizwa juu ya chakula cha watu na fedha zao. Huko Bungu, upande wa kusini wa milima ya Usambara Magharibi, kama ilivyo katika vijiji vya Lushoto, linamkabili pia mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, kila msimu wa mavuno anapopima magunia mangapi ya pumba za mahindi na ya mashudu, yaani makapi ya alizeti au pamba yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta, yanunuliwe kwa jumla wakati bei iko chini, nayo yalazwe wapi mpaka mvua za vuli zitakapolirudisha jani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu la swali hilo halitafutwi kwanza katika nia ya mwenye ghala, bali katika kamba ya mnyama.

Ng'ombe anayezurura huwa na ghala lake mwenyewe, kwa kuwa mlima mzima ni ghala, na ukame ukilimaliza bonde hili yeye huhamia bonde jingine. Katika Usambara ghala hilo limefungwa, na kwa sababu njema. Miteremko ni mikali, watu ni wengi, na udongo uliokanyagwa na kwato huteremka na mvua ya kwanza ya masika. Ndiyo maana mradi wa SECAP wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, ulioanza Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, uliwahimiza wakulima kufuga ndani na kupanda majani ya malisho kwenye kontua, mistari inayokatiza mteremko, ili majani yale yale yanayoushika udongo yawe pia chakula cha ng'ombe bandani. Mpango huo una akili nyingi, ila umehamisha mzigo mzito. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kwa siku kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu, ambazo kwa matete mabichi hukaribia kilo 60, na mzigo huo hubebwa kichwani, mara nyingi na mwanamke au mtoto, kutoka shambani hadi bandani. Kiangazi kinapokausha matete, mnyama aliyefungwa hana mlango wa kutokea; hana ila mikono ya mtu.

Hapo ndipo Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inapopata uzito wake kamili. Kosa la mwanamke yule halikuwa kunyima chakula peke yake, bali kufunga na kunyima kwa pamoja: hakumlisha paka, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Wanafikihi, yaani wataalamu wa sheria za Kiislamu, walijenga juu ya msingi huo hukumu ya nafaqa, ambayo ni matunzo anayowajibika mtu kuwapa walio chini yake, wawe mke, watoto, wazazi wasiojiweza au wanyama. Neno hilo la Kiarabu ndilo lililokuja kuwa nafaka katika Kiswahili na kutajia mahindi, mtama na mpunga, kana kwamba waliolipokea waliona kuwa nafaka ni haki ya anayetegemea kabla ya kuwa mali ya anayemiliki. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mwenye mnyama akikataa kumlisha hulazimishwa amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa nyama yake ni halali. Wapo Walutheri wengi pia katika milima hii, na Torati wanayoisoma inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, na katika Kumbukumbu la Torati inataja majani ya mifugo kabla ya kutaja shibe ya mtu. Kutokana na mpangilio huo marabi wa Kiyahudi walihitimisha kwamba mtu asile kabla hajamlisha mnyama wake.

Ikiwa chakula cha aliyefungwa ni deni, basi ghala la mfugaji ni mahali pa kuwekea deni lisilofika bado siku yake. Tajiri wa Injili ya Luka, aliyepanga kubomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, aliiwekea akiba nafsi yake, wala katika mipango yake yote hakutaja mtu mwingine. Yusuf huko Misri aliweka akiba ya watu wasio wake, na Kurani inaongeza fundisho la ghalani, kwamba nafaka iachwe katika masuke yake ila kidogo cha kuliwa. Tofauti ya wawili hao haikuwa katika wingi wa magunia.

Hata hivyo deni kwa ng'ombe haliwezi kuhalalisha kila kitu, kwa sababu gunia linalonunuliwa huku huenda likapungua kwa jirani. Sheria ya Kiislamu huita ihtikari kule kuzuia bidhaa sokoni ili watu wataabike na bei ipande, na jambo la kustaajabisha ni kwamba malisho ya mifugo yamo katika mjadala huo tangu zamani. Al-Marghinani, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1197, aliandika katika kitabu chake *Al-Hidaya* kwamba ihtikari inachukiza katika vyakula vya watu na vya wanyama pale inapowadhuru wenyeji wa mji, akahesabu humo makapi na majani makavu pamoja na ngano na shayiri. Lakini aliyehifadhi mazao ya shamba lake mwenyewe, akasema, si mfanya ihtikari. Mipaka hiyo inaingia Bungu bila kulazimishwa. Mabua ya shamba la mtu na hei, yaani majani yaliyokaushwa na kushindiliwa katika kasha la mbao lisilo na kitako kisha kufungwa kamba, ni zao lake. Pumba zilizonunuliwa kutoka mashine pekee ya kusaga kijijini ni jambo jingine: anayezinunua zote mwezi Julai, nyingi kuliko ng'ombe wake wawezavyo kula, akingoja kiangazi kizidi awauzie wenzake kwa bei ya shida au anunue kwa bei ya kutupa ng'ombe wao waliodhoofu, ameuvuka mpaka hata kama daftari lake halina kosa. Wasambaa wana maneno mawili yanayofaa hapa, ambayo mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza kwa kirefu: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Maneno hayo yalipimia utawala wa wafalme wao wa ukoo wa Kilindi kwa mvua na shibe ya watu, na ghala pia laweza kupimwa hivyo.

Limebaki deni lililo gumu kuliko yote kwa mwenye ghala, nalo ni la gunia lililoharibika. Magunia yaliyolazwa juu ya sakafu ya udongo na kuegemezwa ukutani hunyonya unyevu, na ukungu wa Usambara huingia hata pasipovuja. Kwa hiyo huwekwa juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, nayo ya zamani hutolewa kwanza. Mfugaji mzoefu hutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu pumba zinazoanza kuoza huwa na joto katikati zikiwa bado kavu juu, na mkono ukitoka hunuswa. Kinachoogopwa ni sumukuvu, sumu ya kuvu iliyotambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga, na iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka katika maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Ng'ombe hawezi kulikataa gunia hilo kwa hoja, na mtoto anayekunywa uji wa maziwa asubuhi hajui lilikuwapo. Wote wawili wamefungwa kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyesimama ghalani na hasara mkononi, akiwa na njia moja tu iliyo safi, ya kulibeba gunia zima hadi shimoni na kulifukia.