Dua Iliyoandikwa Juu ya Nguo

Mtoto hupokewa kwa nguo kabla ya kupewa jina. Hilo si geni kwa yeyote. Lakini nguo hiyo ikiandikwa dua, laibuka swali ambalo sisi walimu wa lugha hatuna budi kulipima: maneno hayo yasema na nani? Mtoto mchanga hajui kusoma, naye Mwenyezi Mungu hahitaji kuandikiwa.

Watu wa Tibet hutundika vibendera vya rangi tano vilivyopigwa chapa ya dua, wakiamini kuwa upepo huzieneza baraka kwa viumbe vyote. Vibendera huachwa vipauke kwa jua na mvua. Kwetu Waswahili, nguo isemayo ni kanga, yenye pindo, mji na jina. Kanga haikuachiwa upepo. Huvaliwa, hufuliwa, humfunika mtoto, na ujumbe wake huchakaa mwilini mwa watu.

Tena Kiswahili chatufunza jambo. Mkaja ni nguo ajifungayo mzazi tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maneno hayo mawili ni majina pia ya zawadi apewazo mama wa bibi arusi. Maana yake, binti aolewapo, tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba hukumbukwa. Nguo hapa si pambo. Ni deni linalokiriwa.

Hapa Bujumbura, ambako mtaa wa Buyenzi ni makao ya Kiswahili tangu enzi za Wabelgiji, Kirundi nacho chatoa ushahidi wake. Kwenda kumwona mzazi kwa chakula na vinywaji huitwa guhemba umuvyeyi, na kitenzi hicho guhemba ndicho kitumikacho kwa kumlipa mfanyakazi ujira wake. Basi aendaye kwa mzazi haendi kutoa hisani. Aenda kulipa haki.

Sasa tuseme marafiki wa mzazi wameshona vibendera vya vitenge, wakaandika "Afya" na "Amani", wakavitundika juu ya kitanda cha mtoto. Wamefanya vema. Ila aliyeandika "Afya" asiulize kama mzazi amekula, amemwachia Mungu kazi iliyowekwa mlangoni pake mwenyewe. Na neno "Amani", katika nchi iliyoingia vitani mwaka 1993 na ambayo Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 hayakunyamazisha bunduki zake mara moja, si neno la kupambia ukuta.

Huenda mtu akasema: kama ni hivyo, tuache maandishi, tupeleke sabuni na unga. La, hasha. Unga huliwa ukaisha, na tendo lisilo na neno husahaulika. Neno lililoandikwa hubaki kuwa shahidi. Kwa hiyo jibu letu ni hili: dua iliyo juu ya nguo yasema na yule aliyeitundika. Yeye ndiye wa kwanza kuisoma, na ndiye iliyemfunga.

Wahenga walinena, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Baada ya miaka michache mtoto huyo ataketi mbele yetu darasani, nasi tutamfundisha herufi. Atarudi nyumbani aisome nguo yake, neno moja moja. Kisha atatutazama.