Umri wa Meza

Je, binadamu ana deni lolote kwa kitu alichokikatia uhai ili akitumie? Wengi watasema kuwa hilo ni swali la watu wasio na kazi. Lakini mtu anayetaka kujitengenezea meza nyumbani kwake, iwe Likunja au kwingineko katika Ruangwa na Nachingwea, hukutana nalo kabla hajashika randa.

Mbao zinazosifiwa ni za mninga. Mti huu, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, haukui upesi. Mpaka ufikie unene wa kupasuliwa mbao, hupita miaka 70, 80 na pengine hata 100. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeupanda kwa ajili yako. Ulijiotea porini, babu zetu wakaupita, na zamu ya kuukata ikaangukia kwetu.

Sasa tazama, ndugu msomaji, tunavyoutumia urithi huo. Mteja anaagiza meza Jumatatu na kuitaka Ijumaa. Fundi ana mbao mbichi. Ilimpasa azipange kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite, kisha asubiri kiangazi kizima. Lakini nani atamlipa kwa kusubiri? Basi anaziranda, anaziunga kwa gundi, anazipigilia misumari kwenye fremu na kupaka vanishi. Meza inang'aa. Mwaka haujaisha, uso wake umepasuka. Ubao ukikauka hupungua upana, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukibanwa pande zote hauna pa kwenda. Ndiyo maana fundi mzuri hutumia mbao kavu, tena matundu ya skrubu huyaacha mapana kidogo ili uso wa meza uweze kusogea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; kwa ubao mambo ni kinyume.

Meza hiyo ikitupwa jikoni kuwa kuni, mwenyewe husema amepoteza fedha. Fedha zitapatikana tena. Kilichopotea ni ile miaka 80, ambayo haiuzwi dukani.

Kuna atakayepinga: mti hauna haki, na fundi ana watoto wanaotaka kula leo. Hoja hii ina uzito, wala si uungwana kumhubiria subira mwenye njaa. Lakini tuangalie vizuri ni nani mwenye haraka. Mara nyingi si fundi, bali ni mnunuzi, ambaye angeweza kulia chakula chake mkekani miezi michache zaidi bila kudhurika. Basi dhamana kubwa ni yake. Na deni lenyewe halilipwi kwa gogo. Hulipwa kwa mtoto ambaye kesho ataingia msitu uleule akitafuta mti, asiukute.

Upande huu wa nchi unaijua haraka na matunda yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walifyeka pori la Nachingwea kwa matingatinga ili kulima karanga, wakajenga na reli. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalitoka kwa wingi. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kuwa hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali kuu na halmashauri zingeyapata kutokana na mazao hayo yalipotea. Ni rahisi kuwalaumu wafanyabiashara wakubwa. Lakini anayenunua ubao wa magendo usiku kwa kuwa bei yake ni nafuu ametia mkono katika wizi huohuo, hata kama mkono wake ni mdogo.

Kwa maoni yangu, kipimo cha haki ni hiki: meza itengenezwe ili iweze kudumu angalau umri wa mti uliokatwa. Hatuwezi kuuhakikisha umri huo, kwani moto upo na mchwa wapo. Lakini twaweza kuuliza ubao umetoka wapi, kungoja ukauke, na kuuunga kwa uangalifu hata upande wa chini, ambao mgeni hatauona. Anayefanya hivyo atakuwa amewaachia wajukuu meza, na huenda na mti pia.