Jibu la Haraka, na Rafu Tupu

Ukinipima na kuniambia ninaumwa nini, umenisaidia? Wengi watajibu "bila shaka." Mimi nasema inategemea utafanya nini baada ya hapo.

Mwaka 2017, watafiti wa Marekani, akiwemo Feng Zhang, walitangaza kipimo kiitwacho SHERLOCK. Kimetokana na CRISPR, ile teknolojia ya kuhariri jeni, ila hapa hakuna anayehaririwa. Kimeng'enya kiitwacho Cas13 huelekezwa kusaka RNA ya virusi fulani. Kikiipata, kinapandwa na wazimu: kinakatakata RNA yoyote iliyo karibu, pamoja na vipande maalum vilivyotegwa na watafiti. Vipande hivyo vikikatwa, mwanga unatokea, au mstari unaonekana kwenye karatasi, kama kijiti cha kupimia mimba. Lengo ni jibu lipatikane pale pale mgonjwa alipo, bila maabara kubwa. Ni akili nyingi, hiyo siwezi kubisha.

Shida yangu iko kwa hilo neno "haraka." Majibu yakichukua wiki, zahanati isiyo na dawa ina pa kujificha: "Ngoja majibu." Yakija ndani ya saa moja, hapo sasa hakuna kisingizio. Mgonjwa yuko mbele yako, ugonjwa una jina, rafu ni tupu. Unamwambia akanunue kemisti, na unajua hana kitu.

Wazazi wetu waliyaona haya. Kabla ya ARV kuwafikia watu wa kawaida, wengi walikataa kupimwa ukimwi, wakaitwa wajinga. Lakini walikuwa wamepiga hesabu: wangepata hofu na unyanyapaa, halafu basi. Dawa zilipoanza kutolewa bure, kupimwa kukawa na maana.

Kuna atakayesema kujua kunasaidia hata bila dawa, maana mwenye Ebola akijulikana mapema, majirani wanapona. Kweli kabisa. Lakini angalia nani amefaidika. Mgonjwa ametoa damu na siri yake ili wengine wawe salama, na yeye amebaki na jina la ugonjwa. Kwa hivyo sisi ndio tuna deni kwake: kitanda, chakula, mtu wa kumhudumia.

Sipingi kipimo. Nataka bajeti yake iandikwe ukurasa mmoja na bajeti ya dawa. Siku vijiti elfu moja vitakapofika kituo cha afya cha mtaani kwenu, uliza dozi ni ngapi.