Wiki Mbili za Chakula cha Mjini

Mwana wa mlimani akishuka Moshi mjini kutafuta maisha, kitu cha kwanza anachokionea aibu ni kiburu. Ndizi zilizochanganywa na maharage anaziona chakula cha waliobaki nyumbani. Mjini kuna chipsi mayai, soseji na soda ya baridi, na anayekula hivyo ndiye aliyefika.

Vijana 23 wa vijijini Kilimanjaro walihamishiwa kwenye chakula cha namna hiyo kwa wiki mbili, watafiti wakiwapima damu. Utafiti wenyewe ulitoka katika jarida la Nature Medicine Aprili 2025. Miongoni mwa walioufanya ni Godfrey Temba wa Moshi, na Quirijn de Mast na profesa wa kinga ya mwili Mihai Netea, wote wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi.

Walioingia walikuwa wanaume wazima wa afya. Wiki mbili zilipokwisha, protini zinazouwasha mwili ndani kwa ndani zilikuwa zimepanda, na chembe nyeupe za damu, zilipokutanishwa na vijidudu maabara, zikajibu kwa ulegevu. Fikiria mgambo anayepuliza filimbi usiku kucha na mwizi hayupo; mwizi akija, anamkuta amesinzia. Moto wa aina hiyo ukifukuta miaka ndio unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo.

Kinachonitisha mimi ni kalenda. Wiki mbili tu! Na wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado hayajaondoka.

Vijana 22 wa mjini walipelekwa njia ya pili: ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka za asili. Moto wao ukapungua. Wengine 22 walikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, nao wakapata nafuu ya namna hiyo. (Najua atakayeikata habari hii aibandike ukutani kilabuni. Wiki moja, ndugu yangu, si miaka kumi.) Kumi waliobaki waliendelea na chakula chao, wawe wa kulinganishia.

Kila Desemba magari hupanda Kibosho, Machame na Marangu, wana wa mlima wakirudi kula Krismasi, buti zimejaa soda na soseji. Bibi naye, kwa kuona haya kumpa mgeni wa mjini kiburu, anakifunika jikoni na kufungua katoni.