Ni Nani Atakayelitengeneza Lambo?

Ndugu msomaji, kisa cha watu wa Sabaa unakijua. Wengi wetu tulikisikia chuoni tungali watoto, na kilipofika kwenye gharika tukaona yamekwisha. Lakini maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya mawe huko Maarib, katika Yemen, yanasimulia jambo tusilolizoea: kwamba boma lile lilivunjika zaidi ya mara moja, na watu wakakusanywa kulijenga upya. Mmoja wa waliolitengeneza, katikati ya karne ya 6, ni Abraha, huyo huyo tumjuaye kwa khabari ya ndovu. (Kumbe hata mtu wa namna ile aweza kuziba ufa.) Lilikuwa tuta la udongo lililovikwa mawe, la kuyapokea mafuriko ya msimu na kuyapeleka mashambani, na udongo haujengwi mara moja ukawachwa.

Basi deni hilo la kutengeneza ni la nani? Swali hili naliona limejitokeza wazi mno mbali na kwetu, katika jimbo la Oklahoma huko Marekani. Mwezi wa Aprili 1934 mto Washita ulifurika karibu na mji mdogo wa Hammon, wakafa watu 17. Mwaka 1944 ikatoka sheria ya kuyazuia maji huko huko juu yanakoanzia, na mwaka 1948 lambo la kwanza la namna hiyo likamalizika kwenye kijito cha Cloud Creek, karibu na Cordell. Leo Oklahoma peke yake ina zaidi ya malambo 2,000 ya aina hii, na Marekani nzima ina karibu 11,800. Serikali kuu ilitoa fedha na mafundi. Wenyeji wakatoa ardhi na ahadi ya kuyatunza. Mengi yalikadiriwa kudumu miaka 50.

Lambo lenyewe si kitu cha kutazamwa. Ni tuta lenye majani, na nyuma yake kidimbwi. Mvua kubwa ikinyesha maji hujaa, kisha hutoka kidogo kidogo kwa bomba lililopita chini ya tuta, kwa muda wa siku kadhaa, ili mto ulioko chini usipokee yote kwa saa moja. Yakizidi sana, hupita pembeni kwenye mfereji mpana uliooteshwa majani. Shabaha ni moja: maji yasipande juu ya tuta, kwani yakipita juu huukokota udongo, na udongo ukianza kwenda haurudi. Kwa hiyo mti ukiota juu ya tuta hukatwa mapema, mashimo ya wanyama huzibwa, na bomba hukaguliwa lisije likala kutu. Ni kazi ya jembe na macho, isiyo na sifa.

Sasa mtazame mwenye shamba aliyekubali lambo lijengwe kwake. Bonde lake hufunikwa na maji kila mvua ikizidi, naye mwenyewe hakuwa katika khatari kubwa. Wanaookoka ni wa chini, wengine hawajui hata jina lake. Na hao wa chini wameokoka kutokana na nini? Kutokana na mafuriko ambayo hayakuja. Mtu akikupa maji ya kunywa utamshukuru, kwa kuwa kiu uliiona. Lakini nyumba iliyosalimika usiku mmoja wa mvua haina alama yoyote. Asubuhi mwenyewe hufungua mlango akaenda zake kazini.

Ubaya hauishii hapo. Kwa kuwa bonde halifuriki tena, watu huteremka wakajenga. Tuta lililokuwa likilinda malisho sasa lina vitanda vya watoto chini yake. Wahandisi wa huko hulipandisha daraja lambo kama hilo na kuliita la khatari kubwa, hata kama halina ufa, kwani daraja hiyo hupimwa kwa roho zilizo chini. Wema wenyewe ndio uliowaita watu mahali pa khatari. Mwaka 2000 ikatungwa sheria ya kuyafufua malambo yaliyozeeka: serikali kuu itoe asilimia 65 ya gharama, na iliyobaki iwe juu ya wenyeji.

Wenyeji gani? Aliyejenga chini atasema: “Mimi nililikuta lambo, sikuliomba.” Ni kweli. Lakini mwenye kurithi nyumba hurithi na paa linalovuja, hasemi kuwa hakuliezeka yeye. Wa juu naye atasema ahadi ilitolewa na babu yake wakati bondeni kulikuwa na ng’ombe tu, na nyumba zile hazikuongezwa na yeye. Hii pia ni kweli, na mimi naiona ina uzito zaidi. Aliyetoa ardhi amekwisha toa. Anayelala salama kila usiku ndiye anayekula tunda, naye ndiye wa kwanza kuulizwa. Tena mbele yake yuko aliyegawa viwanja vile akauza, akijua kilichoko juu, akanyamaza; huyo kwangu hana udhuru hata kidogo.

Lakini hukumu hii ina sharti lake: mtu awe amejua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la udongo la bwawa la shambani lilipasuka baada ya mvua nyingi, na maji yakateremka juu ya nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 40, wengi wao watoto na wanawake. Bwawa lile halikujengwa kuzuia mafuriko, lakini udongo ni ule ule na mteremko ni ule ule. Siwezi kumwambia aliyefiwa Solai kuwa alikuwa na deni la kutunza tuta ambalo si lake na hakuwa na ruhusa ya kulikagua. Kwake yeye swali linageuka: nani alijua hali ya tuta lile, alijua tangu lini, na alimwambia nani?