Kukosoa si Kubomoa

Mwaka 1937 Max Horkheimer, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika kwamba haitoshi kuieleza jamii ilivyo. Yapasa kuihoji, ili mwanadamu awe huru. Je, kuhoji si kuibomoa demokrasia?

Watu wa Turwa, Tarime, walijibiwa na jirani yao wa Butiama. Tangu 1965 sheria ilikubali chama kimoja tu Bara. Mwaka 1990 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitaka jambo hilo lijadiliwe. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikuta watu wapatao 80 katika kila 100 wakipenda chama kimoja. Hata hivyo ilishauri vyama vingi, navyo vikaruhusiwa 1992. Wengi walishinda kwa hesabu. Lakini haki ya wachache kusema haipigiwi kura.

Basi wazazi, tusimzibe kinywa mtoto aulizaye kwa adabu.